Ukiitwa Kukaa Juri: Namna ya Kushauriana Chumbani, kwa Wenzetu Walio Ng'ambo

Mpwa wangu aliye Leicester, Uingereza, alinipigia simu usiku, baada ya isha, sauti imemkauka. "Shikamoo mjomba. Nimeletewa barua ya korti." Nikakaa kitako. Kwetu Mombasa barua ya korti humfikia mshtakiwa, shahidi au mdhamini, na zote tatu ni habari za kuondoa usingizi. "Umefanya nini?" nikamuuliza. "Sijafanya kitu, mjomba. Wanataka nikakae juri, niamue kesi ya mtu."

Mimi nilikuwa mkalimani katika korti za pwani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na barua ile ilinishughulisha kuliko ilivyomshughulisha yeye. Kenya haina juri, yaani watu 12 wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Mtoto aliyezaliwa Kibokoni hajaiona ila kwenye filamu, kisha siku moja anaambiwa aingie chumbani na watu 11 asiowajua, mlango ufungwe, na wakitoka mtu awe huru au aende jela. Nimeandika hapa yale niliyomwambia, pamoja na tuliyojifunza hapa nyumbani tulipojaribu wenyewe.

Kwanza, usidhani barua hiyo ni ya walio na pasipoti ya huko tu. Kwa Marekani, ndiyo, lazima uwe raia. Lakini Uingereza na Wales huita watu kutoka daftari la wapiga kura, na raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye haki ya kuishi huko huruhusiwa kujiandikisha. Mkenya mwenye pasipoti ya Kenya, mwenye umri wa miaka 18 hadi 75, aliyeishi huko angalau miaka 5 tangu alipotimiza miaka 13, anaweza kuitwa kama jirani yake Mwingereza. Kuipuuza barua ni kosa la kutozwa faini. Ukiwa na sababu ya kweli, safari, ugonjwa, mtihani, andika uombe kuahirishiwa.

Tulichokuwa nacho sisi

Juri iliwahi kuwako Kenya, lakini kwa Wazungu. Enzi za mkoloni Mzungu akishtakiwa kosa kubwa alisikilizwa na juri ya Wazungu wenzake, na wengine walisimama mbele ya jaji na wazee wa baraza. Wazee hao, kwa kawaida watatu, walikaa Mahakama Kuu katika kesi za mauaji, wakasikiliza mashahidi wote, na mwisho kila mmoja akatoa maoni yake kwa mdomo. Jaji hakufungwa na maoni yao. Sheria iliwaondoa mwaka 2007.

Niliwatafsiria wazee hao mara nyingi. Mzee wa kwanza akisimama na kusema, "Naona ameua," wa pili alikuwa akisema, "Nami ni hivyo hivyo." Wa tatu: "Kama walivyosema wenzangu." Nilizitafsiri sentensi hizo mpaka nikawa naweza kuzitoa kabla mzee hajafungua kinywa. Wengi wao walikuwa watu wa heshima na busara, hilo sina shaka nalo. Ila sikuwahi kujua kama yule wa tatu aliamini alichosema, au aliona haya kumpinga mkubwa wake hadharani. Mtu alikuwa kizimbani akisubiri, na haya ya mzee mmoja yaweza ikawa ndiyo iliyomzamisha. Jambo hilo ndilo lililonifanya nimwambie mpwa wangu: kauli yako ni moja kati ya 12, haipungui kwa lafudhi yako, wala kwa umri wako, wala kwa adabu uliyofunzwa.

Hatua ya 1: Wakati kesi inaendelea, linda masikio yako

Mashauriano mazuri huanza siku nyingi kabla ya mlango kufungwa. Utaapa, na waweza kuapa kwa Kurani, kwa Biblia, au kutoa ahadi bila kitabu. Kuanzia hapo unachokiamulia ni kile kilichosemwa na kuonyeshwa kortini tu.

Usitafute jina la mshtakiwa kwenye intaneti. Usitazame mtaa wenyewe kwenye ramani ya simu. Usimwulize rafiki yako aliye wakili. Huko Manchester mwanajuri mmoja alimwandikia mshtakiwa kwenye Facebook, juri ikavunjwa, naye mwaka 2011 akafungwa miezi 8. Mwingine, wa Luton, alitafuta mambo ya zamani ya mshtakiwa mtandaoni na kuwasimulia wenzake. Mwaka 2012 alipata miezi 6. Tangu 2015 sheria ya huko imeandika waziwazi kwamba mwanajuri kujifanyia utafiti ni jinai.

Na asije mtu wa kwetu akafikiri ushirikina ni wa Waafrika peke yao. Mwaka 1994, kusini mwa Uingereza, wanajuri wanne waliolazwa hotelini walipiga ramli kwa glasi na herufi, wakamwita marehemu awaambie nani kamuua. Mahakama ya Rufaa ilipopata habari, uamuzi ulifutwa na kesi ikaanza upya. Mambo yote haya yana ubaya mmoja: mshtakiwa hakupata nafasi ya kujibu kilichosemwa. Shahidi wa kortini huulizwa maswali na wakili. Mtandao hauulizwi, na ramli haiulizwi. Methali yetu ya lisemwalo lipo iache nje ya lango la korti.

Andika. Huko hukupa karatasi na kalamu, na karatasi hubaki kortini kila jioni. Ila usiandike mpaka ukashindwa kumtazama shahidi anaposema. Andika neno moja la kukukumbusha, jina la shahidi, saa, umbali, kisha inua macho.

Wala usianze kujadili na mwenzako mmoja mkinywa chai. Kesi huzungumzwa mkiwa 12 wote, mlango umefungwa, basi. Nyumbani, mkeo au mumeo akikuuliza, mwambie umekatazwa.

Hatua ya 2: Msemaji

Mkiingia chumbani, mtumishi wa korti aliyeapishwa kuwalinda hukaa nje na simu huchukuliwa. Jambo la kwanza mtakaloulizana ni nani awe msemaji. Kazi yake ni kuendesha mazungumzo, kumwandikia jaji mkiwa na swali, na kutamka uamuzi kortini. Kura yake ni moja kama zenu. Mara nyingi huchaguliwa yule aliyetangulia kuzungumza, au aliyevaa tai. Mimi ningemchagua aliyeonekana kusikiliza siku zote za kesi. Na kama ni wewe, kubali. Msemaji mpole huwapa wengine nafasi.

Hatua ya 3: Msipige kura mkiingia

Hili nalijua kwa kosa langu mwenyewe. Kabla mpwa wangu hajaanza kazi, nilikusanya majirani ukumbini kwangu, watu 9, wanaume na wanawake, tukajaribu. Niliandika kesi ya kubuni kwenye karatasi mbili, nikatoa nakala, kila mtu akasoma huku kahawa ikizunguka. Mpwa wangu alikuwa kwenye simu ya video, tumeiegemeza kwenye birika.

Kesi ni hii. Kijana fundi wa simu anashtakiwa kwa kumnyang'anya mtu simu kwa kisu, saa moja na nusu usiku, karibu na feri upande wa Likoni. Aliyeibiwa anasema aliuona uso wa mwizi kwa mwanga wa kibanda cha viazi karai. Siku mbili baadaye polisi waliikuta simu kwenye duka ambako kijana huyo anafanya kazi. Kijana anasema ililetwa na mteja wa kutoa namba ya siri, na jina la mteja hakuandika.

Nikauliza: "Wangapi wanaona ana hatia?" Mikono 7 ikainuka. Na hapo nikawa nimeharibu. Fundi seremala mmoja, mtu mwema sana, aliinua mkono wa kwanza, na kwa saa nzima iliyofuata hakuwa akiitazama kesi tena. Alikuwa akiutetea mkono wake. Kila hoja ilipotoka, aliiangalia kwanza inamsaidia au inampinga. Mtu akishajitangaza mbele ya watu, kurudi nyuma huonekana kama kushindwa.

Basi ninyi mkiingia chumbani, semeni hivi: leo hatupigi kura mpaka tumeupitia ushahidi wote. Mtu akisema, "Tuone tu tulivyo, tumalize mapema," mwambie kwa upole kwamba kuna siku nzima, na kuna mtu anayengoja.

Hatua ya 4: Someni swali mliloulizwa

Wengi hufikiri swali ni "nani amefanya?" Sivyo. Swali ni kama upande wa mashtaka umewafanya muwe na hakika kwamba huyu aliyeko kizimbani ametenda kosa hili lililoandikwa. Ukilikosea hapa, kila kitu baadaye kitakwenda upogo.

Jaji atawaeleza kosa lina sehemu zipi, na siku hizi majaji wa Uingereza mara nyingi huwapa wanajuri maswali kwa maandishi, moja baada ya jingine. Ziandikeni sehemu hizo kwenye karatasi kubwa, muiweke ukutani. Kwa kesi yetu ya feri zilikuwa tatu: Je, simu ilichukuliwa? Je, kisu kilitumika? Je, ni huyu?

Tulipoziandika, tukaona kwamba mbili za kwanza hazina ubishi. Hata wakili wa mshtakiwa hakuzikana. Tulikuwa tumetumia dakika nyingi tukisikitikia ubaya wa kisu na jinsi feri ilivyo na wezi, ilhali kesi yote ilikuwa katika swali la tatu. Mambo mawili ya kwanza tukayafunga kwa dakika tano.

Kuna na jambo la adhabu. Mtu atasema, "Masikini, ana watoto," na mwingine, "Akiachiwa ataua mtu." Adhabu si kazi yenu. Kwa kawaida huko ni ya jaji. Mkianza kuipima, mmeacha kuamua kilichotokea mkaanza kuamua mnachokitaka.

Hatua ya 5: Upitieni ushahidi, shahidi mmoja mmoja

Hapa ndipo penye kazi, na ningependa mkae hapa muda mrefu kuliko popote.

Twaa shahidi mmoja. Ulizaneni: alisema nini hasa, kwa maneno yake? Alikiona mwenyewe au aliambiwa? Ana sababu gani ya kusema uongo? Na kama ni mkweli, aweza kuwa amekosea? Swali hili la mwisho ndilo husahaulika. Tumezoea kupima watu kwa mizani mbili, mkweli na mwongo, na katikati kuna shahidi mkweli kabisa aliyekosea, naye ni wa kuogopwa zaidi, maana husema kwa machozi na kwa yakini na kila mtu humwamini.

Hasa katika kumtambua mtu. Korti za Uingereza ziliweka onyo rasmi juu ya jambo hili mwaka 1976, nasi Afrika Mashariki tulikuwa nalo mapema zaidi: katika kesi ya Abdalla bin Wendo, mwaka 1953, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mwingine katika hali ngumu upimwe kwa uangalifu mkubwa. Mawakili wa Kenya huitaja kesi hiyo mpaka leo. Maswali yenyewe ni ya kawaida: Alimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi? Kulikuwa na kitu kilichoziba? Alimjua kabla? Muda gani ulipita mpaka akamtambua mbele ya polisi? Na maelezo ya kwanza aliyotoa, siku ileile, yanafanana na mtu aliyeko kizimbani?

Sasa nieleze kilichotokea ukumbini. Tulikuwa tumefika kwenye mwanga wa kibanda. Seremala akasema, "Mwanga upo, kibanda kina taa, uso ameuona." Wengi wakaitikia. Jirani yangu mmoja, mama auzaye viazi karai jioni mtaani kwetu, alikuwa kimya akikunja ncha ya leso yake. Nikamwuliza yeye anaonaje. Akasema: "Taa mimi huielekeza kwenye karai, ili nione viazi visiungue. Mteja akisimama mbele yangu namwona tumbo na mikono inayotoa pesa. Uso siuoni. Namjua kwa sauti."

Ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyekuwa amewaza taa inaelekea wapi.

Hapa pana mpaka wa kuangalia. Yule mama hakuleta ushahidi mpya. Alituletea swali: je, kuna shahidi aliyesema taa ya kibanda kile ilielekea wapi? Tukatazama karatasi, hakuna aliyesema. Busara ya maisha yako ndiyo sababu umeitwa, itumie kuupima ushahidi. Lakini kijana mwingine, dereva wa tuktuk, akataka twende Likoni usiku ule tukajionee. Kwenye mchezo wetu ilikuwa si neno. Kwenye juri ya kweli ni kosa, maana utakachokiona huko hakuna wakili atakayepata nafasi ya kukijibu. Mkikwama kwa kitu kilichosemwa kortini, andikeni karatasi mumpelekee jaji, mwombe awakumbushe alichosema shahidi. Kitu ambacho hakikusemwa kabisa hakitaletwa. Pengo hilo mlihesabu kama pengo.

Ushahidi wa vitu nao upimeni hivyohivyo. Simu kukutwa dukani inaonyesha nini? Kwamba ilifika dukani. Inaelekea kumgusa kijana, ndiyo, ila pia inalingana na maelezo yake ya mteja. Ushahidi wa mazingira waweza kumtia mtu hatiani, na mara nyingine una nguvu kuliko macho ya watu, lakini kila mara jiulizeni kama kuna maelezo mengine ya kuaminika yanayolingana na mambo hayohayo.

Na mshtakiwa akinyamaza? Mfuateni jaji wenu, maana sheria hazifanani. Marekani hamruhusiwi kabisa kuuchukua ukimya wake kuwa dalili ya hatia. Uingereza jaji aweza kuwaambia kwamba katika hali fulani mnaweza kuuzingatia, ila ukimya peke yake haumtii mtu hatiani.

Hatua ya 6: Kila mtu aseme, na mdogo asiwe wa mwisho

Zungukeni meza. Kila mmoja aseme anachokiona juu ya swali lililopo, bila kukatizwa. Kisha, kwa swali linalofuata, anzeni na mtu mwingine.

Ukumbini kwangu kulikuwa na binti wa chuo, amekaa karibu na mlango, karatasi yake ameipigia mistari kwa kalamu. Saa mbili zilipita hajasema neno. Nilipomwuliza, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwenye maelezo ya kwanza polisini aliyeibiwa alisema mwizi ni "mrefu mwembamba", na ukurasa wa pili, daktari wa polisi aliyempima mshtakiwa aliandika futi 5 na inchi 4. Nililiandika mimi mwenyewe jambo hilo kwenye karatasi, makusudi, nikingoja nani ataliona. Watu 8 hawakuliona. "Mbona hukusema mapema, mwanangu?" "Walikuwa wakizungumza wakubwa."

Maneno hayo yameniuma kuliko yote niliyoyasikia kwenye shughuli hii. Tumewalea vizuri watoto wetu, hawamkatizi mtu mzima, hawapandishi sauti. Nisingependa waache. Lakini mtoto huyohuyo akikaa Leicester au Minneapolis katika chumba cha watu 11 wenye Kiingereza cha mtelezo, adabu ile itamfunga mdomo, na pengine yeye ndiye pekee aliyeiona ile futi 5 na inchi 4. Kusema kwa heshima si kukosa heshima. Anza hivi: "Samahani, kuna jambo nimeliona ukurasa wa pili, naomba tulisome pamoja." Usibishane na mtu, mwonyeshe karatasi. Ukiona aibu ya lafudhi, andika sentensi yako kwanza, kisha isome.

Na wewe uliye hodari wa maneno, nyamaza kidogo. Mwulize aliye kimya, kisha mngoje ajibu. Wengine huhitaji kungojwa.

Chuki nayo huingia chumbani imevaa nguo nzuri: "watu wa mtaa ule tunawajua," "kabila hilo ndivyo lilivyo," "hata jina lake tu." Ikisemwa, usiicheke wala usiipite. Uliza, "Shahidi gani amesema hivyo?" Na usiamini kwamba watu hawawezi kuishinda. Mwaka 1959, Nairobi, juri ya Wazungu watupu ilimkuta Mzungu Peter Poole na hatia ya kumuua Mwafrika, Kamawe Musunge. Ilikuwa nchi ya kikoloni, ambako Mzungu hakuwahi kunyongwa kwa kosa la namna hiyo. Poole alinyongwa Agosti 1960. Sipendi kitanzi, kwa mtu yeyote. Nataja tu kwamba watu hao walitazama ushahidi, ilhali jamii yao yote ilikuwa ikiwatazama wao.

Hatua ya 7: Shaka

Kiwango ni kimoja katika nchi zote hizi: pasipo shaka lenye msingi. Majaji wa Uingereza hupenda kusema kwa ufupi, "muwe na hakika." Wala mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kwamba hakutenda. Hilo lilikazwa London mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington, na katiba yetu ya 2010 inalo pia.

Jisikilize unavyosema. "Yaelekea ni yeye." "Moyo wangu waniambia ni yeye." "Kama si yeye, ni nani?" Ukijikuta na maneno hayo, huna hakika bado, na asiye na hakika anajua la kutamka. Upande wa pili, shaka la kutafuta kwa tochi, "huenda ana pacha tusiyemjua", halina msingi. Shaka lenye msingi hushika kitu: taa iliyoelekea kwenye karai, urefu usiolingana, jina la mteja ambalo hakuna aliyejaribu kulitafuta.

Na kumwona hana hatia si kusema ni mtakatifu. Ni kusema hatukuthibitishiwa. Hili lilimsaidia seremala wetu kupumua. Alidhani akishusha mkono amemwita aliyeibiwa mwongo.

Hatua ya 8: Mkigawanyika

Sasa pigeni kura, kwa vikaratasi ikiwezekana. Mkiwa pamoja, kazi imekwisha. Mkigawanyika, msishambulie wachache. Waombeni wachache waseme ni kitu gani hasa kinachowazuia, kisha wengi waseme kinachowapa hakika. Mara nyingi mtakuta mnabishania shahidi mmoja tu. Rudini kwake.

Tuna msemo, wengi wape. Unafaa kuchagua siku ya harusi. Kwenye juri haufai. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2020, kesi zote kubwa za jinai zinataka wote wakubaliane. Kanada ni hivyo pia. Uingereza na Wales jaji huanza kwa kutaka ninyi nyote 12 mkubaliane, na baada ya saa mbili au zaidi ndipo aweza kuwaruhusu mfike kwa 11 kwa 1 au 10 kwa 2. Msikae mkiingojea ruhusa hiyo ili muwapuuze wawili. Na mkimwandikia jaji kwamba mmekwama, msimwambie kura zimesimamaje.

Badilisha kauli yako ukionyeshwa jambo ulilokuwa hulioni. Usiibadilishe kwa sababu ni Ijumaa, au mwenzako anataka kumchukua mtoto shule, au wote wanakutazama. Mwaka 1670 London, juri iliyomsikiliza William Penn, aliyeshtakiwa kwa kuhubiri barabarani, ilifungiwa usiku mbili bila chakula, maji, moto wala chombo cha haja, ili wamtie hatiani. Wakakataa. Walitozwa faini, wakapelekwa jela, na mmoja wao, Edward Bushell, akapigania jambo hilo mpaka jaji mkuu akaamua kwamba mwanajuri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Wewe watakupa chai, biskuti na nafasi ya kwenda kusali ukiiomba kwa maandishi. Waweza kuvumilia kutazamwa.

Kule ukumbini, tulipopiga kura mara ya pili, 8 walisema haikuthibitishwa. Mmoja alibaki kwenye kauli kwamba ana hatia, dereva wa tuktuk, aliyesema maelezo ya mteja asiye na jina hayamwingii akilini. Tukambana kidogo, akatujibu kwa utulivu, hakuyumba. Nikawaambia wamwache. Alikuwa ameisoma karatasi yote na alijua anachosimamia.

Hatua ya 9: Baadaye

Msemaji atasimama, ataulizwa, atajibu. Wengine hulia hapo, hata wanaume. Pumzika siku mbili tatu kama waweza, na kama picha ulizoonyeshwa hazikutoki, mwone daktari. Hapo sema hali yako, usiseme yaliyozungumzwa chumbani, maana Marekani mwanajuri kwa kawaida huwa huru kusimulia kesi ikishakwisha, lakini Uingereza maneno ya mle ndani ni siri ya maisha. Kuyatoa ni jinai, hata kwa mke, hata kwa mjomba.

Mpwa wangu alipiga simu baada ya wiki mbili na siku moja. "Imekwisha, mjomba." Nilikuwa na maswali tele kooni, mtu aliyekaa kortini maisha yake yote. "Alhamdulillahi," nikasema. "Umekula?" Akasema bado. Akaniuliza mama yake anaendeleaje na mguu, nikamweleza, na tukazungumzia bei ya nazi mpaka salio likakatika.